Ualbino Huanzia Jichoni

Ukimwuliza mtu mjini Mumias ualbino ni nini, jibu lake litaanzia kwenye ngozi. Atakuambia ni mtu aliyezaliwa bila rangi, mwenye nywele za manjano, anayechomwa na jua upesi. Jibu hilo lina sababu zake. Mumias iko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300, na tangu kiwanda cha sukari kianze kazi mwaka 1973 wengi hapa wametafuta riziki kwenye mashamba ya miwa, mahali pasipo kivuli. Serikali nayo imelitazama jambo kwa namna hiyohiyo: mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwa watu wenye ualbino unajulikana kwanza kwa losheni ya kukinga jua. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino, na ukitaja idadi hiyo kwenye kikao chochote cha afya, swali linalofuata huwa ni chupa ngapi za losheni zinahitajika. Hoja ya sura hii ni kwamba tumeanzia kwenye kiungo cha pili. Kiungo ambacho jeni ya ualbino hukigusa kwanza ni jicho. Hukigusa mtoto akiwa bado tumboni, na athari yake huko haizuiwi na losheni wala kofia. Tena anayeuelewa mpangilio huo ataona kwamba hata vita dhidi ya saratani ya ngozi vinapaswa kuanza kwa kupima macho.

Aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Jeni hii hubeba maelekezo ya kutengeneza protini inayokaa kwenye ukuta wa melanosomu, yaani vifuko vidogo ndani ya seli ambamo melanini hutengenezwa. Protini hiyo hupitisha chembe za kloridi, na kwa kufanya hivyo husaidia kupunguza ukali wa asidi ndani ya kifuko. Tairosinesi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini, hulegea palipo na asidi kali. Kwa hiyo mtu mwenye hitilafu ya OCA2 ana kimeng'enya kizima, ila kimewekwa mahali kisipoweza kufanya kazi sawasawa. Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba Waafrika wengi wenye hali hii wana kosa lilelile: kipande cha herufi takriban 2,700 za DNA kimekatika na kupotea ndani ya jeni hiyo. Kipande hichohicho kinakosekana kwa watu wa Tanzania, Zimbabwe, Afrika Kusini na Kamerun, jambo linaloashiria kwamba kosa lilitokea mara moja tu, zamani, kabla wasemaji wa lugha za Kibantu hawajasambaa barani. Wawanga, wenyeji wa Mumias, na Waluhya wenzao ni sehemu ya msambao huo. Mtu mwenye nakala moja ya kosa hili haonyeshi dalili yoyote. Ni wawili wa namna hiyo wanapozaa pamoja ndipo kila mimba inakuwa na uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye ualbino. Mzigo huo hutoka kwa baba sawasawa na kwa mama, na mume anayemtuhumu mkewe kwamba amezaa nje anakana nusu ya urithi aliyoitoa mwenyewe.

Hata hivyo, kujua jeni imevunjika wapi ni nusu tu ya maarifa. Nusu ya pili ni kujua seli zipi huiwasha, na lini. OCA2 imo katika kila seli yenye kiini, kwenye ini, kwenye mfupa, kwenye moyo, lakini huko imezimwa, na mtu mwenye ualbino ana ini na moyo kama wa mwingine yeyote. Huwashwa kwa nguvu katika seli zinazotengeneza melanini. Hizo ni za asili mbili. Za ngozi na nywele hutokana na seli zinazosafiri kutoka mgongoni mwa kijusi hadi pembeni mwa mwili. Za pili hazisafiri popote: ni utando mwembamba wa seli zilizopangwa nyuma ya retina, uliochipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe. Utando huu ndio wa kwanza kupata rangi katika mwili mzima wa binadamu, karibu na wiki ya tano au ya sita ya mimba, wakati ambapo akina mama wengi ndio kwanza wanaanza kushuku kwamba wamebeba mimba. Ngozi huja baadaye. Kwa hiyo mpangilio wa wakati ni wazi: kabla ngozi haijakosa rangi yake, jicho limeshaikosa.

Kukosa rangi nyuma ya retina kungekuwa jambo dogo kama kazi ya utando ule ingekuwa kuzuia mwanga uliozidi tu. Tungewapa watoto miwani ya giza, basi. Lakini retina inayokua pembeni mwa utando usio na melanini hukua vibaya katika mambo mawili. La kwanza ni fovea, kishimo kidogo katikati ya retina tunachokitumia kusoma na kutambua sura za watu. Kwa mtu mwenye ualbino hakichimbiki ipasavyo. La pili ni njia za neva. Nyuzi kutoka macho yote mawili hukutana chini ya ubongo, na hapo kila uzi huchagua upande. Kwa binadamu zaidi kidogo ya nusu huvuka kwenda upande wa pili, na zile zitokazo sehemu ya retina iliyo karibu na sikio hubaki upande wake. Mgawanyo huo ndio unaouwezesha ubongo kulinganisha picha za macho mawili na kukadiria kitu kiko umbali gani. Katika ualbino, nyingi kati ya nyuzi zilizopaswa kubaki huvuka. Jicho linaweza kuwa safi, mboni haina doa, na bado taarifa zake zinafika upande usio wake wa ubongo.

Ushahidi wa jambo hili ulianzia kwa wanyama. Mwaka 1969 mwanaanatomia R. W. Guillery alieleza kasoro katika ubongo wa paka wa Siam, wale wenye mwili mweupe na pua nyeusi, ambao tairosinesi yao hufanya kazi kwenye sehemu za mwili zilizo baridi pekee. Nyuzi zao za macho zilikuwa zimevuka kupita kiasi. Mwaka 1973 Guillery na Jon Kaas wakaonyesha hali ya namna hiyo kwa chui milia weupe. Orodha ikaendelea kurefuka: panya, vicheche, sungura. Kila mara mnyama aliyekosa melanini jichoni alikuwa na njia za neva zilizopotoka, hata pale ambapo jeni iliyoharibika ilikuwa tofauti. Msomaji makini atapinga hapa: panya si mtu. Kwa panya ni asilimia kama 3 tu ya nyuzi ndizo zisizovuka, macho yake yako ubavuni, na hana fovea kabisa. Pingamizi hili lina uzito, na linatufundisha mipaka ya maabara: kuhusu fovea, panya hawezi kutuambia lolote. Kuhusu kuvuka kwa nyuzi, hatuhitaji kumtegemea. Mwaka 1975 Guillery, akishirikiana na Okoro na Witkop, alichapisha uchunguzi wa ubongo wa binadamu aliyekuwa na ualbino, na mpangilio usio wa kawaida ukaonekana humo pia. Tangu hapo vipimo vya umeme wa ubongo, vinavyofanywa mtu akiwa hai na bila kumkata popote, vimeonyesha jambo hilohilo kwa watu wengi sana, hata vikawa njia mojawapo ya kuthibitisha ualbino hospitalini.

Swali gumu zaidi ni jinsi rangi inavyoweza kuelekeza neva. Jibu linaelekea kuwa ni saa ya ukuaji. Katika hatua za kutengeneza melanini, tairosinesi hutoa kwanza kemikali iitwayo dopa, na yapo mengi yanayoonyesha kwamba dopa ndiyo inayodhibiti kasi ya kuzaliwa kwa seli za retina. Kwa panya weupe, seli ambazo zingetuma nyuzi zisizovuka huchelewa kuzaliwa, na chache kati yake huwasha jeni ya Zic2, ambayo kwa kawaida huuamuru uzi usivuke. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 na Lavado, Jeffery na Montoliu liliitenga dopa na rangi kwa namna ya kupendeza. Watafiti hao waliwapa panya weupe jeni nyingine inayotengeneza dopa lakini isiyoweza kutengeneza melanini. Panya wakabaki weupe vilevile, macho mekundu vilevile, ila retina na njia zao za neva zikakaribia hali ya kawaida. Rangi yenyewe, basi, haikuwa ya lazima. Kilicholazimika kuwepo ni kazi ya kikemikali inayofanyika mahali pale kwa wakati ule.

Hapo ndipo matumaini mengi yalipozaliwa, na mengine yakafa. Dopa ipo kama dawa, hutolewa kwa wagonjwa wa Parkinson, na ilikuwa halali kuuliza kama ingewasaidia watu wenye ualbino kuona vizuri zaidi. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2014 nchini Marekani, ambamo baadhi walipewa dawa na wengine kidonge kisicho na dawa, halikuona tofauti yoyote kati ya makundi hayo. Mkulima wa miwa hatashangaa: mbolea ya kupandia haimsaidii anayeimwaga wakati muwa unasubiri trela la kiwanda. Matokeo hayo hayakuipinga nadharia ya dopa. Yaliweka mkazo kwenye wakati. Ikiwa jeni ilihitajika katika wiki za mwanzo za uhai, kuziba pengo lake miaka ishirini baadaye ni kuja baada ya nyuzi kuwa zimeshachagua upande. Kwa sababu hiyohiyo, ahadi ya kurekebisha jeni kwa mtu mzima isipokewe kwa shangwe. Huenda siku moja ikaipa ngozi rangi. Haijengi upya makutano ya neva yaliyojengwa tumboni.

Mtu anaweza bado kusema kwamba nimelichukua jambo la ngozi na kulikuza jicho kwa kuwa linavutia wanasayansi. Tuipime hoja, basi, kwa watu watatu. Wa kwanza ni mtu wa Finland mwenye ngozi nyeupe na macho ya buluu. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba macho ya buluu ya Wazungu hutokana hasa na badiliko dogo karibu na OCA2, ndani ya jeni jirani ya HERC2, ambalo hupunguza kuwashwa kwa OCA2 kwenye ile duara ya rangi inayozunguka mboni. Yaani jeni ileile ya ualbino imepunguzwa nguvu jichoni mwake, na bado anaona vizuri, kwa sababu utando wa nyuma ya retina una melanini yake ya kutosha. Kwenye utando huo Mfini na Mluhya hawatofautiani sana. Wa pili ni mtu mwenye mbalanga. Amepoteza rangi ya ngozi mabaka kwa mabaka, pengine mwili mzima, lakini amepoteza baada ya kuzaliwa, na njia zake za neva za macho ni kama za jirani yake. Wa tatu ni mvulana mwenye hitilafu ya jeni ya GPR143, iliyo kwenye kromosomu ya X. Ngozi yake inaweza kuwa nyeusi kabisa, hakuna anayemwita zeruzeru, na hata hivyo macho yake hutikisika, fovea yake haijakamilika na nyuzi zake zimevuka kupita kiasi. Weka hao watatu pamoja. Ngozi nyeupe bila kasoro ya jicho si ualbino. Kasoro ya jicho hata kwenye ngozi nyeusi ni ualbino. Kinachoutambulisha ni jicho.

Sasa tuingie darasani, katika shule yoyote ya msingi kati ya Ekero na Shianda. Mtoto mwenye ualbino akitazama ubao, macho yake hucheza kushoto na kulia bila yeye kutaka. Mchezo huo ulianza akiwa na miezi miwili au mitatu. Kwa kujaribu peke yake amegundua kwamba akigeuza uso kando na kutazama kwa pembe fulani, macho hutulia kidogo na herufi zinaacha kukimbia. Mwalimu asiyejua humwona mtoto asiye na adabu, anayetazama dirishani somo likiendelea, na humwamuru akae wima atazame mbele. Mtoto hutii, na kwa kutii anaacha kuona. Dirisha lisilo na pazia humwaga mwanga juu ya ubao uliopauka, na chaki nyeupe hupotea ndani ya mng'ao. Uwezo wake wa kuona, kwa vipimo vya kliniki, mara nyingi ni kati ya 6/18 na 6/60. Kipimo cha 6/60 kina maana kwamba anahitaji kusogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho mwenzake anakiona akiwa mita 60. Mtoto huyo akiketi nyuma, mita 6 kutoka ubaoni, mwalimu anaandika kwa ajili ya wengine. Akihamishiwa mita 2, kila herufi inakuwa kubwa mara tatu machoni mwake, na hakuna shilingi iliyotumika.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa madaktari wa ngozi, nao wana haki ya kusikilizwa. Macho hayaui, wanasema; saratani ya ngozi inaua. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1985, ule uliokadiria kwamba mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, ulionyesha pia jinsi ngozi ya watu hao inavyoharibika mapema kwa jua, na hadi leo wapo wanaokufa wakiwa vijana kwa uvimbe ambao ungeondolewa mapema kwa upasuaji mdogo. Sibishani na hayo. Ninachobishania ni mpangilio wa sababu. Jiulize nani hasa anayekaa juani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa miaka thelathini. Si yule aliyesoma akawa karani, mwalimu au mwanasheria. Ni yule aliyeacha shule. Na mtoto asiyeona ubao, anayeitwa mzito wa kuelewa, anayepata alama za chini kwa karatasi asiyoweza kuisoma, yuko njiani kuacha shule. Akitoka hapo, Mumias ina kazi moja iliyo tayari kumpokea bila cheti: kupalilia na kukata miwa. Basi jeni ileile inamshika mara mbili. Kwanza inamnyima ubao, kisha kukosa ubao kunampeleka juani. Jaji Mumbi Ngugi, ambaye ana ualbino, alifika Mahakama Kuu mwaka 2011 na baadaye Mahakama ya Rufani, na kazi ya jaji hufanywa ndani ya nyumba. Elimu kwa mtu mwenye ualbino ni paa pia. Losheni inayogawiwa kwa mtu mzima aliyeko shambani ni ya lazima, lakini imekuja kuzima moto uliowashwa darasa la pili.

Wengine watageuza sayansi ya sura hii dhidi yangu: kama njia za neva zilijengwa vibaya tumboni na hazijengeki tena, miwani ya kazi gani? Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba miwani haiongezi fovea wala haihamishi neva, na mzazi anayeahidiwa kwamba mtoto ataona kama wenzake anadanganywa. Lakini watu wenye ualbino mara nyingi wana pia makosa ya kawaida ya kulenga mwanga: jicho fupi, jicho refu, au uso wa jicho usiopinda sawasawa. Hayo hurekebishwa kwa lenzi kama kwa mtu mwingine yeyote, na retina yenye udhaifu haina sababu ya kubebeshwa ukungu wa ziada. Lenzi zenye kivuli hupunguza maumivu ya mwanga. Darubini ndogo ya mkononi huuleta ubao karibu. Kioo cha kukuzia hufanya kitabu kisomeke. Baraza la Mitihani la Kitaifa hutoa karatasi zenye maandishi makubwa na muda wa ziada kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, ila anayepata ni yule ambaye macho yake yamepimwa na shule yake imeomba mapema. Nchini Tanzania, shirika la Standing Voice limeendesha kliniki za macho na kliniki za ngozi kwa watu haohao, na mpangilio huo unaonyesha kwamba hakuna haja ya kuchagua kimoja.

Lipo pia pingamizi la heshima. Je, kuuita ualbino jambo la jeni yenye hitilafu na jicho lililopotoka si kuwarudisha watu hawa kwenye orodha ya wagonjwa, wakati wenyewe wamepigania waonekane kama watu kamili? Ualbino si ugonjwa unaoambukiza wala unaosonga mbele. Uwezo wa kuona wa mtu mwenye ualbino kwa kawaida hauzidi kushuka mwaka hadi mwaka. Lakini Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha, na haki hiyo hudaiwa kwa kutaja kinachokosekana. Anayekataa kulitaja jicho kwa kuogopa kuudhi anamwacha mtoto bila darubini na bila hoja. Tena, ukimya juu ya jicho ndio uliowaacha watu na maelezo ya kishirikina. Macho yanayocheza na uso unaogeuka kando vilitafsiriwa kuwa dalili za mizimu. Ukijua kwamba ni neva zinazotafuta utulivu, hakuna mzimu wa kutafutwa.

Kwa Mumias mambo haya yana maana ya moja kwa moja. Mtoto mwenye ualbino anapozaliwa, iwe Hospitali ya St. Mary's au kwenye zahanati ya kijiji, wakunga humtambua siku hiyohiyo. Ni hali chache za macho zinazojitangaza mapema namna hii bila kipimo. Hatuna kisingizio cha kuchelewa. Mama anapaswa kuondoka na mambo mawili kwa pamoja: ushauri wa kumkinga mtoto na jua, na tarehe ya kupelekwa kliniki ya macho, Kakamega au Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga, kabla ya kutimiza mwaka. Akiwa na umri wa kuanza shule, apimwe tena, apewe lenzi, na cheti cha kipimo kiende kwa mwalimu mkuu pamoja na maelekezo matatu: aketi mbele, aketi mbali na dirisha, na aachwe ageuze shingo apendavyo. Gharama kubwa katika orodha hiyo ni nauli na miwani. Mpango wa losheni uendelee, na upanuliwe. Lakini tusiupime kwa idadi ya chupa zilizogawiwa peke yake. Tuupime pia kwa idadi ya watoto wenye ualbino wanaomaliza shule ya upili katika kaunti ya Kakamega, maana huko ndiko itakakoamuliwa ni wangapi kati yao watakaohitaji daktari wa saratani wakifika miaka thelathini.